Jumamosi Niliyofunga Mtandao wa Nyumba

Kwa miaka minne mtandao wa nyumba yetu pale Butembo ulilindwa na neno moja: jina la binti yangu wa kwanza, likifuatwa na moja, mbili, tatu, nne. Nilijiona mwerevu, kwa sababu watu wengine walikuwa wanaacha namba zilizoandikwa kiwandani chini ya boksi la mtandao. Sikukumbuka kwamba kwetu Wanande jina ni foleni. Mtoto wa kwanza wa kike ana jina lake kabla mama yake hajaolewa, wa pili ana lake, wa tatu vilevile, na wavulana nao wana mstari wao. Anayejua una binti anajua jina lake. Mimi, mtu wa chuo kikuu, chef de travaux kwa miaka kumi na mitano, cheo cha mtu ambaye tasnifu yake inakaribia kwisha siku zote, nilikuwa nimefunga mlango kwa ufunguo ambao kila familia ya Wanande inao.

Mwaka ule dada yangu mkubwa alikuja kukaa kwetu. Sisi wadogo zake tunamwita yaya. Alitoka Beni, mtaa wa Beu, baada ya wale wauaji wa msituni kuingia kijiji kilicho jirani na shamba la familia yake. Alifika na watoto wake wawili, godoro, na simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, ambayo aliifunga kiunoni ndani ya kitenge. Mume wake alibaki. Kakao ilikuwa imeiva, na kakao haingojei vita viishe. Walikubaliana kwamba atavuna inayovunika, halafu yeye mwenyewe aje Butembo. Lini, hakusema. Tangu siku ile dada yangu alikuwa anangoja jambo moja tu, kujua kama mume wake anakuja. Hakulizungumza. Ulikuwa unaliona katika namna alivyokuwa akitenga chakula, sahani moja zaidi, kisha anairudisha kabatini kama mtu aliyekosea hesabu.

Kila alasiri alikaa kwenye kiti cha korido, chini ya rafu ya boksi la mtandao. Nilidhani anapenda mwanga wa dirisha la pale.

Siku zile ulipita ujumbe mjini, kutoka simu hadi simu, wenye orodha ya watu waliodaiwa kuwapelekea wauaji chakula. Baadhi yao walipigwa na vijana wa mitaa yao kabla mtu hajauliza orodha imetoka wapi. Halafu wanajeshi wakaanza kuuliza ujumbe umetumwa kutoka wapi. Mwenzangu wa chuoni, anayefundisha informatique, mambo ya kompyuta, na kunicheka bila kuchoka, alikuja kwangu kunywa chai, akakisia kode yangu ya mtandao mara ya kwanza, kabla hata sukari haijayeyuka.

"Prof, hii code ni ya bure," akasema. "Batu bote banaijua. Siku moja mutu atatuma maneno mubaya kupitia kwako, na basoda batakuya kwako, hapana kwake."

Alipoondoka sikuweza kumaliza chai. Nilikuwa namjua mtu mmoja ambaye jina lake lilikuwa kwenye ile orodha. Alikuwa muuza mihogo.

Jumamosi iliyofuata, mchana, nilikaa na kompyuta mezani nikafanya yote aliyoniagiza. Kwanza niliingia kwenye ukurasa wa mipangilio ya boksi lenyewe, ambako nako neno la siri lilikuwa bado lile la kiwandani, kwa hiyo mpita njia yeyote angeweza kunifungia nje ya nyumba yangu. Nikalibadilisha. Nikabadilisha jina la mtandao, ambalo lilikuwa jina la ukoo wetu, kana kwamba nilitundika kibao barabarani. Nikachagua ulinzi wenye nguvu zaidi ambao boksi lilikuwa nao. Nikatunga kode ndefu, sentensi nzima ya Kilatini cha seminari yenye kosa moja la sarufi, nikijisifu kwamba kosa lile ndilo kinga. Mwisho nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa.

Vilikuwa kumi na kimoja. Nyumba yetu, kwa nilivyojua, ilikuwa na vinne. Jirani shemasi alikuwa na viwili, maana jina lake la kikanisa lilionekana waziwazi. Kimoja kilikuwa cha kwaya ya Kiprotestanti ng'ambo ya uzio, na hapo nikaelewa kwa nini wanafanya mazoezi upande wa kwangu. Vinne vilivyobaki havikuwa na jina, ni herufi na namba tu. Nikaruhusu vile vinne vyetu, nikazuia saba. Nakumbuka nilisugua mikono. Niliona nimeilinda familia yangu.

Jumapili baada ya misa dada yangu aliniambia, bila kuinua uso, "Réseau hapana," yaani hakuna mtandao.

"Ni kule Beni, yaya," nikamjibu. "Kule réseau inakatikaka. Ngoja."

Na kweli kule ilikuwa inakatika, ndiyo sababu sikufikiri zaidi. Nilidhani anazungumza juu ya kupiga simu. Jumatatu hakuuliza tena. Alikaa korido hadi saa ya kupika. Kwake, msomi wa familia alikuwa amekwisha kujibu.

Jumatano asubuhi majirani zao wa Beni walinipigia mimi. Mume wake alikuwa ameuawa Jumanne shambani, pamoja na jirani aliyekuwa akivuna naye. Walizikwa hukohuko haraka, kwa sababu hapakuwa na usalama wa kubeba maiti hadi mjini. Nilimwambia yaya jikoni. Aliketi chini kwenye sementi, akaniuliza kama mume wake alikuwa amevaa viatu. Sikujua. Mpaka leo sijui.

Baada ya siku za kilio, aliniletea ile simu ya kioo kilichopasuka. Alitaka picha ya mume wake ya kuweka mezani siku ya misa, na alikumbuka kwamba mume aliwahi kumtumia moja. Nikaishika. Haikuwa na kadi ya simu. Kadi ilibaki Beni kwa mume wake, kwa sababu wanunuzi wa kakao walikuwa wanaijua namba ile. Simu hii ilikuwa inaishi kwa mtandao wa nyumba yangu tu, na sasa ilikuwa inadai kode.

Nikamuuliza ile kode ya kwanza aliipata wapi, maana sikuwahi kumpa.

"Niliandika jina yangu, na moja mbili tatu nne kama batu bote," akasema. "Ikafunguka. Nikawaza uliiweka juu yangu, kwa heshima."

Yeye pia ni mtoto wa kwanza wa kike.

Niliandika Kilatini changu, nikaondoa kizuizi, na simu ikaanza kutetemeka mkononi mwangu. Picha haikuwamo. Kulikuwa na jumbe tatu za sauti, ambazo mume wake alituma kutoka dukani kwa mtu mwenye mtandao, pale Beu. Mimi hakunipigia. Kwetu mwanaume hampigii shemeji yake kumwomba kitanda. Anamwuliza mke wake, naye mke humwambia aje.

Ya kwanza ilikuwa ya Jumapili, ya kuuliza kama aje. "Mama ya batoto, niko ku centre. Nikuye sasa, ao nivune kwanza? Unijibu."

Ya pili ilikuwa ya Jumapili ileile, jioni. Alisema barabara ni nzuri, kuna gari linalopita Butembo kwenda Kirumba, dereva atamngoja hadi kesho.

Ya tatu ilikuwa ya Jumatatu. "Haunijibu. Donc uko na kasirani juu nilibakia. Ni bien. Nitamaliza kuvuna, nitakuya na kitu mu mukono."

Nilimweleza. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyeifungia nje simu yake, nikamweleza na Jumamosi, orodha, herufi na namba, nikitumia maneno mengi ya Kifaransa kama afanyavyo mtu wa chuo anapoogopa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Alikufa akiwaza nimekasirika," akasema.

Kisha akaichukua simu, akabonyeza kile kitufe cha kurekodi, akamjibu. Alisema kwa Kinande, polepole, kwa muda mrefu, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa. Nilisimama pale kando ya kiti chake. Sikuthubutu kuondoka, na sikuthubutu kukaa.