Steringi wa Banda la Kibaigwa

Ijumaa zile nilikuwa nikiendesha chemsha bongo katika kiwanda kidogo cha bia, njia ya Msalato, mapipa ya chuma yakionekana nyuma ya kioo. Kila Ijumaa ilikuwa na mada yake: bongofleva za zamani, matangazo ya redio, mitindo ya nywele ya ujana wetu. Bunge likikaa, viti havitoshi. Likiahirishwa, nabaki na wanafunzi watatu wanaogawana chupa moja. Nimezikumbuka sana jioni zile, hata wale wanafunzi bahili.

Watu wa ofisi za Bunge ndio walionichosha. Swali dogo tu la nani aliimba nini, mtu anainuka: "Naomba mwongozo wa Mwenyekiti." Mwenyekiti ni mimi, mwanamke mwenye kipaza sauti kinachokoroma. Nikimkalisha huyo, mwingine anasimama kutoa taarifa.

Ijumaa ya filamu za banda umiza niliipanga kwa sababu yangu mwenyewe. Kaka yangu alikuwa na banda la video Kibaigwa, enzi za mikanda na jenereta. Filamu ikiwa ya Kihindi, alikaa kando ya televisheni akawatafsiria watu, na Kihindi chenyewe hakukijua hata salamu. Alifariki kabla simu za kurekodi hazijatufikia. Picha zake ninazo, lakini sauti ilikuwa imeanza kunitoka kichwani, na hilo liliniuma kuliko msiba wenyewe. Nilitaka nimpate hata mtu mmoja aliyewahi kumsikia.

Basi nikaiweka filamu aliyopenda kuionyesha, ya ndugu wawili waliopotezana sokoni wakiwa wadogo. Nikauliza: mwishoni steringi anakuwaje? Jibu ni kwamba anafia mikononi mwa mama yake. Meza karibu zote zilipata. Iliyokosa ni ya dirishani, alipokaa mama mmoja wa makamo, mfanyabiashara wa mahindi, aliyeletwa na binti yake mtumishi wa Bunge. Wao waliandika kwamba hakufa.

Nikawaambia wamekosa. Yule mama akasimama taratibu.

"Samahani, mdogo wangu. Yule hakufa."

"Amekufa, dada. Mama yake analia pale."

"Analia kwa furaha."

Watu wakacheka mpaka vinywaji vikamwagika. Afisa mmoja wa Bunge hakukawia kuinuka. "Mwongozo, Mwenyekiti. Filamu ni moja, au Kibaigwa walikuwa na yao?"

"Mimi niliiona Kibaigwa, banda la nyuma ya soko," mama akamjibu. "Mtafsiri ndiye aliyetuambia."

Banda lile lilikuwa la kwetu. Kaka hakuwahi kukubali kumuua steringi. Alisema watu wameshinda juani na magunia, waache wakalale vizuri. Kila mkanda ulipofika pale, alidanganya bila aibu, na mimi nikiwa mkekani nilimwamini.

"Alisemaje huyo mtafsiri?" nikauliza.

Mama akakohoa kidogo, akaishusha sauti ikawa nzito, ya kiume. "Msilie, jamani. Amezimia tu. Kesho anaamka, anakula ugali."

Ile "tu" aliivuta mpaka pumzi ikakaribia kuisha, kisha akaipandisha mwishoni kama anayebembeleza mtoto. Hivyo hivyo ndivyo kaka yangu alivyosema. Nilikuwa nimeisahau kabisa, na sasa ilikuwa imerudi, mbele ya watu wenye glasi za bia mikononi.

Nikawapa pointi. Waliopata jibu sahihi wakapiga meza, wakadai haki, nikawaambia kiti kimeshaamua. Kisha nikazima kipaza sauti, nikaenda hadi dirishani, nikamwomba yule mama aseme tena. Akasema. Nikamwomba tena.