Nilipofungua Dirisha la Thieta

Jamani, nicheke kwanza mwenyewe kabla hamjanicheka, maana aibu niliyoipata mimi Ghati mbele ya wakubwa wa mkoa, hata maski haikunisaidia, kila mtu alinijua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, ya tisini, televisheni ndo zinaingia Musoma, watu wanajazana nje ya duka moja pale Iringo kuangalia taarifa ya habari hata sauti hawaisikii, na sisi manesi bado tulikuwaga tunachemsha glovu na kuzianika kama soksi. Basi akaja daktari mgeni kutoka Ulaya na mitambo yake, eti anatoa mfuko wa nyongo kwa vitundu vinne tu: tumbo linajazwa gesi linavimba, kamera inaingia, yeye anakata huku anaangalia televisheni. Wakubwa wakawekewa televisheni yao chumba cha pili, na soda (bila soda elimu haiingii).

Mgonjwa alikuwa Mama Bhoke, jirani yangu wa Mwisenge, ana mawe kwenye nyongo, na alikubali kwa sababu moja tu: nilimwambia, "Mama, nitakuwepo, hiyo kazi naijua." Niliijua kweli, kama ninavyojua kurusha ndege.

Asubuhi daktari akanielekeza kwa Kiingereza cha puani, dakika kumi nzima, mimi nikashika neno moja: smoke, moshi. Akauliza kama nimeelewa. "Yes, dokta!" nikajibu, kwa sababu Matroni alikuwa anasikiliza, na nafasi ile niliipata kwa kujisifia Kiingereza.

Kazi ikaanza. Kisu cha umeme kikachoma, televisheni ikawa nyeupe kama ukungu, daktari akasema, "Smoke, Sista!" Mimi huyo, mbio, nikafungua dirisha.

"Ghati!" Matroni akapiga kelele. "Dirisha, na tumbo la mtu liko wazi?"

Nikalifunga, lakini wadudu wa ziwani walishaingia, wameganda kwenye taa kama nao wamealikwa.

"Moshi wa tumboni!" Matroni akanitafsiria. "Fungua koki ya hilo bomba lililoingia tumboni, kidogo!"

Hilo neno kidogo sikulisubiri. Nikafungua yote. Psssss! Moshi wote usoni kwangu, unanuka nyama iliyoungua (mpira wa kuuvuta kwenda kwenye mashine nilikuwa nimeuweka pembeni, nikidhani ni wa akiba), tumbo likanywea, picha ikawa giza. Chumba cha pili nikasikia mkubwa mmoja anauliza, "Umeme umekatika?"

Daktari hakufoka. Alisema taratibu, "Mtu asisogee," na mikono yake ikasimama palepale, chuma kikiwa ndani ya Mama Bhoke bila mtu kuona kimegusa nini. Kisha akafunga koki mwenyewe, akaunganisha mpira, gesi ikarudi, picha ikarudi. Damu hakuna.

Wiki nzima nilikuwa nachungulia vidonda vya Mama Bhoke kutafuta usaha, haukuja. Siku ya kuruhusiwa nikamweleza yote, nalia.

"Wewe mtoto," akasema, "mimi niliambiwa nina mawe, kumbe nilikuwa na jiko zima."

Siku hizi mtu akiniuliza kama nimeelewa, hata kama ni kuchemsha chai, namwambia rudia. Aniite mjinga akitaka, mradi mgonjwa bado yuko nje ya mlango wa thieta.