Chumba Chenye Kitasa

Nyumba ya dada yangu ina milango mingi na kitasa kimoja kinachofunga. Vingine ni mapambo. Naijua vizuri, maana naishi kwao tangu diploma yangu iliponikimbia.

Kampuni zao zilipowaruhusu kufanyia kazi nyumbani, dada kwenye madai ya bima, shemeji kwenye uhasibu, chumba chenye kitasa kilimwendea shemeji bila hata kikao. Akiingia, watoto wananong'onezana, "Baba yuko kazini." Dada akifungua kompyuta kwenye meza ya kulia, watoto hao hao wanatangaza mama yupo nyumbani. Na aliyepo nyumbani hana udhuru. Fundi bomba anamgongea yeye. Mama mkwe anampigia yeye: "Mwanangu, kwa kuwa leo hujaenda popote..."

"Mimi pweza," dada alikuwa akicheka, mkono mmoja kwenye faili la gari lililoparamia ukuta, mwingine ukikoroga uji. "Mikono ninayo."

"Pweza mwisho wake sufuriani, dada."

"Kelele, msomi nusu."

Kisha kikatangazwa cheo cha mkuu wa kitengo cha madai. Dada alikitamani tangu hajaolewa. Mahojiano yangekuwa ya video, asubuhi, naye aliomba kitu kimoja tu: chumba.

"Chukua hata wiki nzima, mama watoto," shemeji alisema, na alimaanisha.

Siku ikafika. Dada juu blauzi ya kola, chini suruali ya kulalia. Alikuwa ameshakaa kitini shemeji alipotokea mlangoni na kompyuta kwapani.

"Bosi ameitisha kikao cha dharura. Niachie kidogo. Wewe kazini kwenu wameshazoea kelele."

"Leo si siku ya kuzoea, baba watoto."

Lakini wanaomhoji walikuwa wameanza kuingia hewani. Kugombana kungemlia muda. Akabeba kompyuta yake, akarudi mezani. Nyuma yake kitasa kikalia ka!

Alijibu vizuri, mimi shahidi. Alikuwa anaeleza jinsi ya kumtambua mteja mwongo, sauti ikapaa kutoka chooni:

"Mamaaa! Nimemaliza!"

Nilikimbia. Kitinda mimba akanitazama kama mwizi. "Sikutaki wewe, mjomba! Namtaka mama!"

Kwenye kompyuta watu walicheka, tena kwa upole. "Nenda tu, mama, mtoto kwanza." Aliporudi, walikuwa wanaagana.

Wiki ile ile mtoto huyo huyo alipenya chumbani, akampanda shemeji mapajani katikati ya kikao. Wenzake kikaoni wakampigia makofi. Baba wa mfano!

Cheo alipewa kijana ambaye dada ndiye aliyemfundisha kazi, anayeshinda ofisini akinywa chai na meneja. Dada alipigiwa simu ya huruma: "Tumeona tusikuongezee mzigo." Alijibu asante. Hiyo asante inaniuma mpaka leo.

Shemeji hakulala vizuri siku hizo. Mwishowe alihamia mezani mwenyewe. "Chumba ni chako, mama watoto. Moja kwa moja."

Sasa watoto wanampita baba yao pale mezani, wanaenda kumgongea mama. Hawahitaji kugonga. Mlango anauacha wazi.

"Funga basi, dada," nilimwambia juzi.

Alikuwa anapitia faili alilotumiwa na bosi wake mpya. Hakugeuka.

"Nifunge nisisumbuliwe kwenye nini tena, mdogo wangu?"