Jina Halishiki Jembe

Mwanangu, jana ulinionyesha simu yako kwa furaha ya mtu aliyeokota ndugu njiani. Ulikuwa umeandika jina letu, Fournier, na simu ikakutolea ramani ya dunia. Ufaransa nzima ilikuwa nyekundu. Ubelgiji kidogo. Ng'ambo ya bahari kubwa, kule Kanada wanakosema Kifaransa, wekundu mwingine kama upele. "Papa, ona vile tuko bengi!" ukaniambia. Nikakuuliza Kabuta iko wapi humo. Ukavuta kwa vidole, ukavuta tena, hata ziwa letu likatokea, na kando yake hakukuwa na rangi yoyote. Ukacheka. Mimi nikatoka nje kwenda kushika nyavu ambazo hazikuhitaji kushikwa.

Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mwanangu. Nilimkumbuka babu yako, na asubuhi moja ya mwishoni mwa miaka ya tisini, vita vikiwa vinaunguruma upande wa Congo, nilipompakia kwenye baiskeli kutoka hapa Kabuta hadi Nchelenge kwenda kumtafuta ndugu. Kesho unaondoka kwenda Lubumbashi, na jina hilo unaondoka nalo. Kaa basi, nikuambie lilitufanya nini.

Babu yako alizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Baba yake alikuwa mzungu mnunuzi wa samaki, aliyerudi kwao Ulaya mtoto akiwa bado hajajua kuogelea, na nyuma yake akaacha jina. Nyumba hakuacha, wala mtumbwi, wala salamu. Mama yake alikuwa mtu wa ukoo wa Mbuzi, bena Mbushi kama tunavyosema. Nawe unajua desturi yetu: mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo babu yako alikuwa Mbuzi kuanzia pembe hadi kwato. Tatizo ni kwamba hakutaka.

Sijui kama nyinyi vijana mnaujua bado uzito wa ukoo, mukowa kama wazee wanavyouita. Zamani ungeweza kufika mji wa ugenini kama Mwansabombwe huna hata chumvi mfukoni, ukauliza nyumba ya mtu wa Mbuzi, na mtu ambaye hajawahi kukuona angekuita ndugu na kukutandikia mkeka. Na kila ukoo una watani wake. Mbuzi watani wao ni Chui, kwa sababu inayojulikana hata na mtoto. Chui akikuona sokoni atakutukana mbele ya wakwe zako, atakunyang'anya samaki wako mmoja, na wewe utacheka tu. Wageni huona ni upuuzi. Lakini siku unapokufa, nduguzo hukaa chini kulia, na Chui wale wale ndio wanaokuosha, wanaochimba kaburi, na wanaokutukana mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga. Sisi zimwi letu ndilo linalotuzika.

Basi hapa Kabuta Chui mkubwa alikuwa mzee Mulenga, katekista wa kanisa letu, mtu wa sala nyingi na mdomo mchafu. Nilikuwa kijana, nauza chisense, wale dagaa wetu, nikiwapeleka bara kwa baiskeli. Nikamwona kwa macho yangu akija uani kwetu akipiga kelele, "We mbuzi! Uko wapi? Leo ba Chui tunakukula bila munyu!"

Baba akatoka na kasia mkononi, na uso wake haukuwa na mzaha.

"Mi apana mbuzi," akasema. "Mi niko Fournier. Mukowa yangu iko Ulaya."

Kicheko kikamwisha mzee Mulenga usoni. "Bien, mukubwa," akajibu. "Lakini jina aishikake jembe."

Akaenda zake, na tangu siku hiyo hakuna Chui aliyemtania baba tena. Wakamsalimu kwa heshima, wakampisha njiani. Baba akaona ameshinda. Ee Mungu wangu, mtu anaweza kushinda vibaya!

Usimwone mjinga, lakini. Jina hilo alikuwa amelilipia. Wakati serikali ya Zaire ilipokataza majina ya kizungu, wenzake wote wa Kilwa walibadilisha, wakajiita majina ya mababu wa upande wa mama, maisha yakaendelea. Yeye akapakia nyavu, mke na sisi watoto ndani ya mtumbwi, akavuka kuja Zambia asije akalivua. Aliacha mama, akaacha dada, akaacha kaburi la bibi yake. Mtu aliyelipa bei hiyo hawezi kukubali kwamba alichonunua ni hewa. Mwacha asili ni mtumwa, na mtumwa wa jina ndiye mtumwa asiyekuwa hata na bwana wa kumlisha.

Ndipo vita vikaja, watu wakaanza kuvuka ziwa na magodoro kichwani, na wazungu wa misaada wakafika Nchelenge kuchimba visima. Mfanyabiashara mmoja wa Congo akaleta habari kwamba mmoja wao anaitwa Fournier.

Baba alikuwa mgonjwa tayari. Miguu ilikuwa imemvimba, mama yetu alikuwa ameshafariki, na kila siku alikuwa akiuliza swali moja: nani atanizika? Aliposikia habari ile akaniamuru nitafute mpumbu aliyekaushwa, na mpumbu, samaki mkubwa wa heshima, hata miaka ile alikuwa amekwisha ziwani. Nilimpata kwa taabu. Baba akavaa koti, akapanda nyuma ya baiskeli, na njia nzima hakulalamika hata mara moja.

Yule mzungu alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Alikuwa amekaa Lubumbashi, Kiswahili anakijua. Alituletea viti. Baba akakataa kiti, akaketi chini, akapiga makofi taratibu kama mtu anayefika mbele ya mkubwa wa ukoo wake, akamsogezea samaki.

"Mi niko Fournier," akasema. "Na we uko Fournier. Donc tuko mukowa moya. Nimekuya kukuonesha uso, ili siku nakufa usiseme aukunijua."

Mzungu akatazama samaki, akanitazama mimi, akaona ni jambo zito. Akashuka kwenye kiti chake naye akakaa chini.

"Papa, sikia," akasema. "Zamani sana kwetu, batu ba kijiji abakuwa na ruhusa ya kuchoma mukate mu nyumba zabo. Mukubwa wa inchi alikuwa na four moya, tanuru kubwa, bote banaletaka unga yabo pale. Mutu wa kuchunga ile four, banamuita fournier. Ni jina ya kazi tu. Na kila kijiji ilikuwa na wake."

"Donc bote beko ndugu."

"Apana, papa. Wa huku na wa kule abajuane. Leo kuko ba Fournier mu France yote. Bengine balienda Canada zamani na mashua, bakazaa sana kule. Jirani yangu kwetu ni Fournier. Tunapitana mu njia: bonjour, bonjour. Ni ile tu."

Baba akafikiri. Nilimwona anatafuta mlango katika ukuta ule. "Na ule jirani yako," akauliza, "kama anakufa, we unaenda kuchimba?"

"Apana. Kwetu kuko batu, kazi yabo ni kuzika."

"Beko ba mukowa gani?"

"Abana mukowa, papa. Ni kazi yabo."

Niliona aibu, mwanangu, na niliona huruma, sijui ipi ilitangulia. Baba aliinuka kwa kunishika bega, akamwachia samaki wake, tukaondoka. Nikadhani ameelewa. Tulipofika karibu na soko la Kashikishi akaanza kucheka peke yake nyuma yangu.

"Ananipima," akasema. "Mukubwa wa mukowa anakupimaka kwanza. Angenipokea mbio mbio, ningejua ni muongo."

Ungekuwa wewe ungemwambiaje? Mimi nilikanyaga pedali.

Tangu hapo akawa anangoja. Kila gari lililopita barabarani aliinua shingo. Na katika kungoja huko ndipo dada yake alipofika, shangazi yangu Chola, kutoka Kilwa, amevuka na wakimbizi, kanga moja na sufuria moja. Alikuwa Mbuzi asiyeona haya kuwa Mbuzi, na ndiye pekee duniani aliyeweza kusimama mbele ya Chui na kusema, huyu ni wetu, mzikeni. Alipomwona kaka yake akaanguka miguuni pake akilia.

Baba akamwambia, "Mbuzi beko Chisenga. Hapa ni nyumba ya ba Fournier. Mukubwa wetu akikuya, asikute mambo ya mbuzi humu."

Nilimsihi. Mdogo wangu alimsihi. Shangazi Chola hakusihi. Alifunga kanga yake, akaniomba nimpeleke bandarini, akapanda boti ya wachuuzi wa samaki kwenda kisiwani Chisenga. Kabla boti haijaondoka alinishika mkono akasema, "Muambie nimemusamehe. Lakini muambie pia asinifukuze kama mutu wa inje, mi ndiye nilimubeba mugongoni." Nilimwambia baba yote mawili. Aligeukia ukutani.

Mzungu wa visima alihamishwa mahali pengine. Hakuja kuaga, na kwa nini angekuja? Hatukumwambia baba. Akafa akingoja gari.

Msiba ukajaa watu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Akina mama wa kanisa waliimba, moto ukawashwa, mzee Mulenga akaja akasali sala nzuri kuliko zote nilizowahi kumsikia. Lakini maiti haikuoshwa. Wanaume waliwatazama Chui, Chui wakautazama mchanga. Nikapiga magoti mbele ya mzee Mulenga, nikamwambia, "Mukubwa, ni mutani wenu."

"Alitukataza kumucheka," akanijibu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia, haikuwa ya kisasi. "Miaka yote, alitukataza. Mutu asiyechekwa na Chui, Chui anamuzika namna gani? Kusali, nimesali. Kaniletee Mbuzi moya tu, mwenye kusema alikuwa wabo. Tutachimba na meno."

Mimi na mdogo wangu hatukuweza kusema hivyo, maana sisi ni wa ukoo wa mama yetu; nikakimbilia boti, nikavuka hadi Chisenga. Nilikuta kambi ya wavuvi, nikamuulizia mama wa Mbuzi aliyetoka Kilwa, na vijana wakanionyesha kaburi jipya lenye sufuria yake juu, imetobolewa kama ilivyo desturi ya makaburi. Homa. Chui wa kisiwani walikuwa wamemzika, wakamtukana vizuri, wakamwita mbuzi aliyeogelea kutoka Congo akafia nchi kavu. Waliponisimulia walikuwa bado wanacheka. Nami nikakaa kando ya kaburi lile nikalia, maana Mbuzi wengine waliokuwapo hawakumjua baba, na hakuna aliyetaka kuapa mbele ya mfu asiyemjua.

Nikarudi mikono mitupu. Baba alikuwa ameanza kuharibika. Mimi na mdogo wangu tukamwosha wenyewe, tukachukua majembe, tukamchimbia kaburi baba yetu wenyewe, jambo ambalo mtoto hapaswi kulifanya, wala sijalisema mbele yako mpaka leo. Udongo wa hapa ni mchanga, unajua, tulichota, ukarudi, tulichota, ukarudi. Watu wote wa Kabuta walisimama kwa mbali wakitutazama. Mzee Mulenga alisogea peke yake hadi ukingoni. Nikamwomba Mungu amfungue kinywa, aseme lolote, amwite baba mbuzi mnono, mbuzi mzee, mbuzi anayenuka. Alifungua kinywa kweli. Akalia. Chui akalia kwenye kaburi la Mbuzi. Mpaka leo usiku nikikosa usingizi nausikia mlio ule, na sioni faraja yoyote ndani yake.

Sasa kanionyeshe tena ramani yako. Weka kidole pale penye wekundu mwingi kuliko pote, unitajie mmoja tu ambaye angevuka maji kwa ajili yako na jembe begani. Sisemi ulitupe jina. Ni la kazi ya mikono, ya mtu aliyechunga moto ili wengine wale mkate, si aibu. Libebe kama unavyobeba shati. Lakini shati halikuziki.

Wewe ni wa mama yako, na mama yako ni mtu wa Samaki. Watani wa Samaki ni Mamba. Ukifika Lubumbashi, kabla hujatafuta kazi, kabla hujatafuta hata chumba, watafute Mamba. Waambie wewe ni Samaki. Watakutukana, watakunyang'anya kofia, watakuaibisha mbele ya msichana unayempenda. Mwanangu, usiinue kasia. Cheka. Na ukimwona ndugu wa mama yako amesimama mlangoni na sufuria moja, usimwulize jina lake la pili.

Nenda na Mungu, mtoto wa Samaki. Akufungulie njia, akuepushe na kiburi cha damu yangu. Nakuombea uishi sana, ufe mzee kabisa, na siku hiyo Mamba waje wengi, wasimame juu ya kaburi lako, wakutukane mpaka washindwe kushika jembe kwa kucheka.