Gari Lililokataa Sanduku

Gari ambalo hatuna limenigharimu shilingi elfu ishirini na tatu na sitini. Nimejumlisha mara mbili, na mara zote mbili gari halikuwepo.

Sisi watu wa magharibi tunaokaa mtaa wa Laini Saba tuna kikundi cha kuzikana. Mwenzetu akifia Nairobi, tunampeleka akalale kwao. Shida ni usafiri. Wenye magari ya kukodi husikiza kwanza mnalia vipi, ndipo wataje bei. Tukaamua kununua gari letu, na kwa sababu nauza viatu vya mitumba na sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, nikatumwa mimi kulikagua.

Lilikuwa Kawangware, nyumbani kwa muuza simiti mmoja. Gari dogo la familia, la dizeli, lenye buti ndefu nyuma. Nilienda na makanika wa elfu moja mia tano. Akashika boneti kuhakikisha ni baridi, akaliwasha, likawaka mara moja. Akaenda nyuma akachungulia moshi.

"Hapa hakuna uongo," akasema. "Hili linafika Busia na mafuta yanabaki."

Viti vya nyuma vililala vyote. Nikapima kwa tepu, nikapima tena: kiti cha abiria wa mbele kikisukumwa hadi mwisho, sanduku la maiti la futi sita na nusu linaingia. Nikateremsha bei mpaka mwenyewe akaanza kuniita ndugu. Nikamlipa amana ya elfu ishirini kutoka mtaji wangu wa viatu. Kikundi kingenirudishia siku ya kununua.

Mama mwenyekiti wetu hakuamini tepu.

"Tepu haina mabega," alisema. "Peleka sanduku."

"Si likikataa tutafunga juu kwa keria?"

"Mtu wetu anyeshewe hadi nyumbani kama gunia la viazi? Haya, wewe ukifa tutakufunga huko."

Mwenye gari naye hakutaka litoke kwake kabla ya kuona nusu ya pesa. Basi nikakodi sanduku tupu kwa seremala wetu, mia tano, na mkokoteni wa elfu moja mia mbili, kwenda na kurudi. Barabarani watu walivua kofia. Mama mboga mmoja akanishika mkono: "Pole, baba. Ni nani?" Nikamwambia hakuna mtu. Akaanza kulia, akanitilia mia moja mfukoni. Wapita njia wawili wakaongeza ishirini ishirini. Hizo nimeshazitoa kwenye hesabu pale juu, mtu asiseme nimekula rambirambi.

Muuza simiti nilikuwa nimempigia simu kwamba narudi kupima. Hakuuliza napima na nini. Alipotoka dukani kwake, pale pale mbele ya nyumba, mimi na mwenye mkokoteni tulikuwa tumeshasukuma sanduku nusu ndani, na hapo ndipo lilipokwama. Kumbe juu ya magurudumu bodi inavimba kwa ndani, pande zote mbili, na mabega ya sanduku yalikuwa yamekaa katikati kama kizibo. Haliendi, halirudi.

"Bosi, ni nini hiyo kwa gari yangu?"

"Ni kipimo."

Mke wake akatoka, akaona, akapiga nduru. Majirani wakajaa langoni. Wawili wakaanza wimbo. Tulivuta kwa kamba mpaka sanduku likatoka, na rangi kidogo ya gari ikalifuata.

"Nirudishie amana tu," nikasema. "Gari ni zuri, lakini halitutoshi."

"Nikurudishie? Mtaa mzima umeona gari yangu imebeba jeneza. Nani atainunua tena?"

"Lilikuwa tupu, ndugu."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi! Lenye mtu lishapata wake. Tupu bado linatafuta."

Majirani wakaitikia kwamba ni kweli. Muuza simiti amesema nimalizie bei nichukue gari, au nisahau elfu ishirini.

Nilipeleka habari kwa kikundi. Mama mwenyekiti akasema gari likishakataa, limekataa, na kikundi kiliahidi kurudisha pesa za gari lililonunuliwa, si za gari lililotazamwa. Nikamkumbusha ni yeye aliyesema nipeleke sanduku. Akasema, "Nilisema upeleke. Sikusema uingize bila ruhusa ya mwenyewe."

Sasa kibanda changu kina jozi kumi na moja za viatu, tano ni za mguu mmoja mkubwa kuliko mwingine, na sina pesa ya kwenda kuchagua bunda lingine. Kwa hivyo nauliza, na nauliza kwa dhati: mwenye kuwahi kudai amana kwa mtu anayeogopa sanduku, alianzia wapi? Niende kwa chifu, au nimpeleke pasta akaliombee gari mbele ya majirani wale wale, lipate mnunuzi, muuza simiti anilipe? Na kama ni pasta, nani anamlipa nauli?