Mkojo wa Saa Sita

Mama alipata kichocho tangu usichana wake, alipokuwa akiteremka kutoka Newala kwenda kulima mpunga bonde la Ruvuma. Alikojoa damu miaka na miaka, akasema ni uchovu tu. Siku alipokubali kumeza vidonge nilifurahi kupita kiasi, maana mimi ni mwepesi wa kufurahi na mwepesi wa kukasirika.

Baadaye alitakiwa kupimwa tena, ionekane kama dawa imefanya kazi. Tatizo likawa mpimaji. Kwenye maabara ya hospitali alikuwepo mkwe wake, mume wa dada yangu, na kwetu mkwe huona haya hata kula mbele ya mama mkwe. Mama angempaje kikopo cha mkojo? Basi akakojoa nyumbani Mnyambe alfajiri, akaizungushia chupa khanga, nikaipeleka mimi. Mkwe naye, kwa haya zake, hakuuliza mkojo ni wa saa ngapi. Hakuona yai la minyoo ya kichocho hata moja. Tukachinja kuku.

Korosho zilipoanza kudondoka, damu ikarudi. Nilikwenda kumfokea shemeji mpaka nikaishiwa maneno. Alinisikiliza, kisha akasema taratibu, "Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mchana, shemeji, saa sita, saa saba. Nilijua. Nilishindwa kumwambia mama aje akojoe hapa."

Mficha uchi hazai, na hapa waliuficha wawili. Lakini hasira ziliniisha, kwa sababu hata mimi nisingeweza kumwambia.

Safari hii Mama alikuja mwenyewe, jua likiwa utosini. Aliweka kikopo dirishani akaondoka, ndipo mkwe akakichukua. Mayai yalikuwemo. Akayatia kwenye maji safi, akayaacha kwenye mwanga, baadaye akaniita nichungulie kwenye hadubini. Vijidudu vilikuwa vimetoka ndani ya mayai, vinaogelea mbio.

"Yaliyokufa hayaanguliwi," alisema. "Haya ni mazima."

Mama akameza dawa upya. Alipimwa tena na tena, kila mara mchana, mpaka pasionekane yai lolote. Lakini damu haikukatika, hospitali wakampiga picha ya kibofu. Majibu ya picha nilipewa mimi kwanza, nikayasoma.

Mkwe alitoka nje Mama alikokuwa akingoja, akasimama mbali kidogo, macho chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mayai je?"

"Hakuna, mama. Minyoo imekufa yote."

Mama akamshukuru Mungu kwa sauti. Mkwe akanitazama mimi, akarudi ndani; yaliyobaki yalikuwa yangu kuyasema.

Niliyasema tukiwa tunangoja gari la Mnyambe. Nilimwambia kichocho kimekaa mno, kimeharibu kibofu, na palipoharibika pameota saratani. Nililia kabla sijamaliza.

Mama aliitengeneza khanga yake begani.

"Si ulikuwepo pale?" akaniuliza. "Mkwe wangu amesema nimepona."

"Amesema minyoo imekufa, Mama."