Kumi Niliyoiandika Mlangoni

Mwaka ule nilikuwa nikivuka kwa boti kwenda Ras Kitau mara mbili kwa wiki kutazama kompyuta za hoteli moja ndogo. Mwenye hoteli alichoshwa na wafanyakazi kusahau pampu ya maji, akaniomba niiunganishe na kompyuta, iwe inaiwasha yenyewe kila siku saa nne asubuhi. Niliandika amri ya mstari mmoja tu. Siku tatu nikaitazama ikitii, nikajiona hodari. Kwenye mlango wa kisima nikabandika karatasi: "Pampu hujiwasha 10:00." Ndivyo kompyuta inavyohesabu saa, nami kwa kukaa nayo sana nilishazoea.

Jumatatu moja niliposhuka kwenye boti nilimkuta dada wa mapokezi akipanga funguo. Nikafungua bomba la mlangoni ninawe miguu, kavu; nikamuuliza mbona maji hayatoki.

"Mkanda wa pampu umelegea, Bi. Fundi wa Matondoni ameshuka kisimani kuukaza."

"Ameshuka sasa hivi?"

"Ee. Amesoma karatasi yako, akasema ana wasaa mpaka saa kumi."

Saa kumi. Ya alasiri. Simu yangu ilionyesha saa nne kasoro dakika mbili.

"Kimbia umtoe!" nikamwambia, nami nikapanda ngazi za ofisini mbili mbili. Kompyuta ilikuwa imelala. Nikakosea neno la siri, nikakosea tena. Nilipoufikia ule mstari na kuufuta, nikatupa jicho pembeni mwa kioo: saa nne na dakika moja. Saa ya kompyuta ilikuwa mbele ya simu yangu. Nililijua hilo tangu zamani, nikaona si kitu.

Chini ya dirisha, kisima kilikuwa kikinguruma.

Ngurumo ikakwama, ikafuata sauti ya mtu, kisha kimya. Dada wa mapokezi alikuwa ameikata swichi kubwa. Nilipofika, fundi alikuwa akipanda ngazi taratibu, mkono wa kulia ameuzungushia kikoi, na kikoi kinaloa. Alikuwa mtu wa umri wa baba yangu.

"Mwanangu, si uliandika kumi?"

"Niliandika kumi, Bwana."

Akatikisa kichwa. Tulimvusha kwa boti ya injini hadi hospitali. Vidole viwili havikuokoka.

Siku ya tatu mwenye hoteli akapiga simu: wageni wanaingia, amri irudishwe. Nikairudisha. Sikupata ujasiri wa kukataa, na hilo pia ninalibeba.

Ijumaa nikaenda Matondoni kuomba radhi. Fundi alinikaribisha, akasema amenisamehe, ni kadari ya Mungu. Alikuwa akijiandaa kwenda msikitini. Mkewe alisimama mbele yake akimfunga vifungo vya kanzu, kimoja kimoja. Nilimtolea salamu. Akaitikia, lakini macho hakuyainua.